Maji Yafike Sawasawa: Hesabu ya Tiyo na Matundu kwa Bustani Yetu



Huku kwetu juu ya uwanda wa Katanga mvua inakatika mwezi wa tano, na mpaka inaporudi mwezi wa kumi mboga zote zinaishi kwa maji ya kubeba. Bustani ya enterna iko na mistari sita ya nyanya, kila mustari metre 20. Nusu ya kwanza, upande wa pipa, ni ya wakubwa wa humanite. Nusu ya mwisho ni ya wadogo wa darasa la saba na la nane. Kila mutu anayepita anaona wazi: nyanya za karibu na pipa ni za kijani na zimejaa, za ku mwisho majani yamejikunja. Na maneno yamekuwa mengi. «Batoto ba saba ni bavivu, habapalilie.» Hata pointi za kazi ya mikono za robo hii zimeandikwa kwa kuangalia hali ya nyanya.

Sisi wa nne humanite tumeichukua habari hii kama somo la fizike. Tunasema mapema: uvivu haumo. Mutu anaweza kupalilia toka asubuhi hadi magaribi, lakini tundu lake likitoa litre 5 wakati tundu la mwenzake linatoa 9, nyanya haitamsikia. Tumeomba pointi hizo zisifungwe mpaka maji yenyewe yapimwe. Bwana mwalimu amekubali, kwa sharti kwamba tuonyeshe hesabu. Hesabu ndiyo hii.

Kwanza, kudondosha maji ni nini

Tiyo nyeusi ya plastiki inalazwa chini kando ya mimea, na penye kila mmea kuna tundu dogo. Maji yanatoka tone kwa tone, yanaingia kwenye mizizi, njia kati ya mistari inabaki kavu na majani mabaya hayapati kitu. Ni sawa na seromu ya mgonjwa hospitalini: kidogo kidogo, lakini fasi inayotakiwa. Kazi hii ilienea sana tangu mwaka 1965, wakati injinia Simcha Blass wa Israeli pamoja na watu wa kijiji cha Hatzerim walipoanzisha kiwanda cha Netafim cha kutengeneza vidondoshi vya plastiki. Wao walikuwa na pampu. Sisi tuko na pipa la litre 200 juu ya meza ya mbao, na bidoni za litre 20 za kuteka mtoni. Sheria za maji ni zile zile, ila kwetu ni kali zaidi, kwa sababu nguvu yetu ni ndogo na hakuna ya kupoteza.

Nguvu inatoka ku urefu

Chini ya pipa ni metre 1 toka udongo. Pipa lenyewe lina karibu sentimetre 90. Basi maji yakiwa mu nusu ya pipa, yako kiasi cha metre 1 na nusu juu ya matundu. Urefu huo ndio mali yetu yote. Hakuna ingine.

Torricelli wa Italia alionyesha mwaka 1644 kwamba maji yanayotoka kwenye tundu yanatoka kwa mwendo sawa na wa kitu kilichoanguka toka urefu huo. Mnaijua tayari: v² = 2 × g × h. Kwa h = 1,5 tunapata v = metre 5,4 kwa sekunde. Tundu la milimetre 1 lina uso wa milimetre mraba 0,785. Maji yakipita tunduni yanajibana, ndiyo maana tunazidisha kwa 0,6. Fanyeni: 0,6 × 0,785 × 5,4 = sentimetre kubiki 2,54 kwa sekunde. Kwa saa moja ni litre 9 na kidogo, tuandike 9,2.

Angalieni vizuri kitu kimoja mu hesabu hii, maana ndicho kinachotuokoa baadaye. Maji hayafuati urefu moja kwa moja, yanafuata mizizi mraba ya urefu. Urefu ukipungua kwa 20 juu ya 100, maji yanapungua kwa 10 na kidogo tu, kwa sababu mizizi mraba ya 0,8 ni 0,894. Mainjinia wa kazi hii wamezoea kukubali tofauti ya 10 juu ya 100 kati ya tundu moja na lingine la mustari uleule. Kwetu maana yake ni hii: juu ya metre 1,5 tunaruhusiwa kupoteza sentimetre 30 njiani. Tukizidi hapo, kuna mutu anaonewa.

Bariere za njiani

Mnajua lori linalotoka kijijini na mihogo. Kila bariere linaacha kitu, na kadiri bariere zinavyokuwa nyingi, ndivyo feza zinavyofika mujini kidogo. Maji mu tiyo yanafanya vile vile: kila metre yanasuguana na ukuta wa tiyo na kuacha kipande cha urefu wake. Heinrich Blasius wa Ujerumani alitoa mwaka 1913 kanuni ya tiyo laini, na plastiki ni laini kweli. Kwa vipimo vyetu inaandikwa hivi: hasara ya kila metre moja (kwa metre) = 0,46 × Q kwa nguvu ya 1,75 ÷ D kwa nguvu ya 4,75. Q ni litre kwa saa, D ni upana wa ndani wa tiyo kwa milimetre. Tiyo yetu inaitwa ya 16, lakini 16 ni ya inje. Ndani ni 13,6. Musisahau hilo, wengi wanapima inje na hesabu yote inaharibika.

Lakini mu mustari wa matundu maji hayaendi yote mpaka mwisho. Yanapungua kila tundu. Kwa hiyo hasara ya mustari mzima ni ndogo kuliko ile ya tiyo isiyo na matundu: matundu yakiwa mengi, gawanyeni kwa 2,75.

Sasa mustari wetu. Metre 20, tundu kila sentimetre 30, ni matundu 66. Kama kila moja lingetoa litre 9,2, mu tiyo yangeingia litre 607 kwa saa. Tia mu kanuni: hasara karibu metre 2,82. Gawanya kwa 2,75: zaidi ya metre 1! Tuko na metre 1,5 tu na tuliruhusiwa sentimetre 30. Haiwezekani. Kwa kweli maji yanajirekebisha, matundu yanatoa kidogo na hasara inashuka. Tukirudia hesabu mara kadhaa mpaka itulie, tunapata hivi, kwa udongo tambarare: tundu la kwanza litre 9,2, la katikati 7,1, la mwisho 6,7.

Lakini bustani yetu haiko tambarare. Toka pipa kwenda mwisho udongo unapanda kama sentimetre 30. Mutu hawezi kuona kwa macho, lakini maji yanaona. Sentimetre 30 hizo zinaondolewa kwa wa mwisho vilevile. Wanabaki na litre 5,6 wakati wa kwanza wanachukua 9,2. Na pipa likikaribia kuisha, urefu ukibaki metre 1, tundu la mwisho linapata karibu nusu tu ya la kwanza.

Hapo ndipo uvivu wa wadogo unapotoka.

Jambo lingine la kustaajabisha: hasara hii haigawanyiki sawa njiani. Karibu 85 juu ya 100 inaliwa mu nusu ya kwanza ya mustari, kwa sababu huko ndiko maji yote yanapita. Basi tundu la katikati limekwisha kupungua karibu kama la mwisho. Mutu akipima katikati na mwisho tu, ataona «ni sawasawa» na kwenda kulala. Lazima kupima la kwanza pia.

«Pandisheni pipa!»

Hilo ndilo shauri ambalo kila mutu anatoa. Tumelisikia kwa wapishi, kwa mulinzi, hata kwa wazazi waliokuja kutembelea. Tufanye hesabu mbele ya kutafuta mbao.

Tuseme tunapandisha mara mbili, toka metre 1,5 hadi 3. Matundu yatatoa zaidi, mara 1,41. Lakini maji yakizidi mu tiyo, hasara nayo inazidi: 1,41 kwa nguvu ya 1,75 ni 1,83. Mali imekuwa mara 2, bariere nazo zimekuwa mara 1,83. Faida ya haki karibu haipo! Inasaidia tu juu ya mupando wa udongo, maana sentimetre 30 juu ya metre 3 ni kidogo kuliko juu ya metre 1,5. Na mutu wa kupandisha bidoni metre 2 na nusu juu ya ngazi ni nani? Ni wale wale wa darasa la saba.

Kutoboa matundu madogo kunasaidia zaidi. Tundu la milimetre 0,8 linatoa 64 juu ya 100 ya maji ya tundu la 1, na hasara inashuka chini ya nusu. Lakini tundu dogo linaziba upesi, na maji yetu ni ya mto. Tiyo pana inasaidia sana: tiyo ya 20, yenye milimetre 17 ndani, inashusha hasara mpaka karibu theluthi, kwa sababu ya ile nguvu ya 4,75. Lakini lazima kununua metre 120, na feza hakuna.

Dawa isiyouzwa

Tazameni tena kanuni. Mustari ukikatwa nusu, urefu wa njia unakuwa nusu, na maji yanayoingia nayo ni nusu. Vitu viwili vinashuka pamoja. Hasara inagawanyika kwa 2 kwa nguvu ya 2,75, ni 6,7. Karibu mara saba!

Mustari wa metre 10, matundu 33, litre 304 kwa saa: hasara ni sentimetre 15. Kumbe tulikuwa zaidi ya metre 1.

Hatuhitaji kukata bustani. Tunahitaji kuhamisha tiyo kubwa. Leo inapita ku kichwa cha mistari na kulisha toka mwisho mmoja. Ipite katikati, na kila mustari ulishwe toka katikati, mkono mmoja kushoto na mwingine kulia. Tiyo zile zile, matundu yale yale, pipa lile lile. Inatakiwa tu kukata mistari sita na kutia kiungo chenye njia tatu mahali pa kila kata, na ncha mbili za kila mustari zifungwe.

Baki mupando. Metre 10 za upande wa kupanda zinapoteza sentimetre 15 kwa kusuguana na 15 kwa mupando, jumla 30: tuko juu ya mpaka kabisa. Upande wa kushuka unapoteza 15 na kurudishiwa 15. Basi haki inadai tusogeze tiyo kubwa kidogo kwenda juu, upande wa kushuka uwe mrefu. Tumejaribu vipimo mbalimbali kwenye karatasi. Metre 7 za kupanda na 13 za kushuka ndizo zinapendeza: upande mfupi unapoteza sentimetre 6 na 10, ni 16, upande mrefu unapoteza 32 na kurudishiwa karibu 20, ni 12. Mu upande huo mrefu maji yanapungua kidogo katikati kuliko mwisho, kama sentimetre 17, kwa sababu hasara inaliwa mapema na mshuko unalipa polepole. Lakini yote iko chini ya 30. Tundu linaloonewa zaidi litapata 94 juu ya 100 ya lile lenye bahati. (Mchoro hatukuweza kuupiga vizuri kwenye stensili. Uko kwenye ubao wa darasa letu, njoni muuone.)

Mustari mmoja mmoja

Sasa mistari sita kati yao. Mpaka leo tunafungua yote pamoja, tukifikiri ni upesi. Mistari sita inataka karibu litre 3 600 kwa saa, ni litre 1 kila sekunde, kupitia tiyo kubwa yenye milimetre 21 ndani. Kanuni inasema: tiyo hiyo ingekula sentimetre 41 kwa kila metre. Nyuma ya metre 4 hakuna kitu tena. Ndiyo maana mustari wa sita unatoa machozi tu.

Kwa hiyo: robine moja kwa kila mustari, fungua moja, funga tano. Jaza pipa, acha liishe, fungua wa pili. Pipa zima la litre 200 kwa matundu 66 ni litre 3 kwa kila mmea, na linaisha kwa dakika 20 na kidogo. Uzuri wake ni kwamba mustari wa mbali, hata kama maji yanafika polepole, mwishowe unapata pipa lake lile lile. Unachelewa, haupunjwi. Mapipa sita ni bidoni 60. Ni kazi ngumu, hatukatai, lakini ni bidoni zile zile tunazobeba leo.

Wengine wameuliza: pipa likishuka, matundu si yanatoa kidogo? Ndiyo. Toka metre 1,9 hadi metre 1 maji yanashuka mpaka 73 juu ya 100. Lakini yanashuka kwa wote pamoja. Hiyo si kuonea.

Matundu yenyewe

Hapa tunaomba muwe wakali. Maji yanafuata upana wa tundu mara mbili yake kwa kuzidishana: tundu la 1,1 badala ya 1 linatoa 21 juu ya 100 zaidi. Sehemu moja ya kumi ya milimetre, kitu ambacho jicho halioni, inaharibu zaidi kuliko sentimetre 30 zote tulizohesabu! Zamani kila darasa lilitoboa kwa musumari wake uliochomwa mu moto, mwingine umeota kutu, mwingine umepinda. Matundu mapya yatobolewe kwa sindano moja, na mutu mmoja, bila moto, maana plastiki ikiyeyuka haijulikani tundu litakuwa kiasi gani.

Kuna njia ingine tunayoipenda: tiyo ndogo sana, nyembamba kama uzi mnene, inachomekwa kwenye tiyo ya mustari. Maji yanapita humo polepole, na urefu wa tiyo hiyo ndio unaamua. Ya karibu na pipa unaikata ndefu, ya mwisho unaikata fupi, na wote wanapata sawa. Inadai subira. Kuhusu vidondoshi vya dukani vyenye mpira ndani vinavyojirekebisha vyenyewe, musidanganyike: mara nyingi vinataka maji ya metre 5 hadi 10 juu. Kwa pipa letu mpira haushtuki.

Na maji yachujwe. Kitambaa cha kuchujia kiwe na vijitundu vidogo kuliko matundu yetu mara sita au hata kumi. Pipa lifunikwe, jua likiingia majani ya kijani yanaota ndani. Kila juma ncha zote zifunguliwe ili matope yatoke.

Namna ya kupima

Amerika mwaka 1942 Christiansen alitoa kipimo cha usawa wa maji ya kunyunyizia. Kwa kudondosha tunatumia kingine chepesi. Chagueni mistari minne, na mu kila mustari matundu manne: la kwanza, la theluthi, la theluthi mbili, la mwisho. Ni kopo 16. Fungueni mustari, ngojeni tiyo ijae, kisha wekeni kopo zote nne pamoja na kuziondoa pamoja nyuma ya dakika 2. Pimeni maji. Tafuteni wastani wa kopo zote 16, kisha wastani wa zile 4 ndogo kabisa. Gawanyeni wa pili kwa wa kwanza, zidisheni kwa 100. Tukipata 90 na zaidi, ni muzuri sana. 80 inafaa. Chini ya 70 mutu asimseme mwenzake juu ya nyanya.

Tutapima mara mbili, jumamosi hii mbele ya kuhamisha tiyo, na jumamosi ingine nyuma yake, pipa likijazwa mpaka alama ileile. Kila darasa lilete kopo mbili na mutu mmoja mwenye saa. Matokeo yote mawili yatabandikwa penye mulango wa refectoire, na bwana mwalimu amesema pointi za kazi ya mikono zitaangaliwa tena kwa kuyafuata.

Zoezi kwa wa pili na wa tatu humanite

Bustani ndogo nyuma ya jiko iko tambarare, na mistari yake ni ya metre 16. Matundu ni ya milimetre 1 kila sentimetre 30, tiyo yenye 13,6 ndani, maji metre 1,5 juu. Tiyo kubwa haiwezi kupita katikati kwa sababu ya muti wa avoka, na mpishi hakubali ukatwe. Hesabuni hasara ya mustari ukilishwa toka mwisho mmoja. Kisha badilisheni tiyo kuwa ya milimetre 17 ndani, mutuambie kama tunaingia chini ya sentimetre 30 au la. Karatasi zitiwe mu kisanduku cha gazeti mbele ya ijumaa, jina la darasa juu.

Kwa wa nne humanite,
Kapita wa wanafunzi